Pini ya Nne

Bunduki haina uchawi. Nimesema hivyo miaka mingi, grisi ikiwa hadi viwikoni, na wanaume wengi wamenicheka kwa sababu katika akili zao fundi wa silaha wa polisi ni lazima awe na ndevu. Mimi ninazo mbili, hapa kidevuni, na huzing'oa kila Jumamosi.

Kwa hivyo Koplo Abdulkadir wa stoo alipoiweka ile pini ya tatu mbele yangu, imekatika, na kusema kwa sauti ya chini, "Nzisa, wallahi hii bunduki ina jini," nilimwambia amlete huyo jini nimpe ufagio, maana karakana ilikuwa haijafagiliwa tangu Jumatatu.

"Wewe cheka tu," akasema. "Sisi watu wa Kitui mjini tumeona mambo."

"Na sisi watu wa Kasikeu tumeona zaidi. Mimi nimeolewa mara mbili."

Lakini alipotoka, niliacha kucheka nikawasha taa ya meza.

Pini ninayosema ni kile kichuma chembamba ndani ya bolti ya bunduki. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pini mbele kwa nguvu, inagonga kitako cha risasi, risasi inatoka. Pini ikikatika ncha, utasikia mlio mdogo tu, tak, na risasi itabaki imelala pale kama mgeni asiyetaka kwenda. Hii bunduki ilikuwa ya zamani, ya kuvuta bolti kwa mkono kila risasi, imara kuliko ndoa zangu zote mbili, na ilikuwa mikononi mwa polisi wa akiba mmoja aitwaye Mulei, wa kijiji cha Ithumulani, huko nyuma ya vilima vya Mutitu.

Nilizipanga zile pini tatu kwenye kitambaa. Zote zilikatika mahali pamoja, shingoni, karibu na ncha. Nikaziangalia kwa kioo cha kukuza. Pini iliyovunjwa na pigo moja huwa na kidonda cheupe chote, kama muhogo ulioupasua kwa goti. Hizi zilikuwa na upande mweusi na upande mweupe. Maana yake ufa ulianza zamani, ukatembea polepole, kila pigo likiongeza kidogo, halafu siku moja ukamaliza kazi. Hizo pini zilikuwa zimepigishwa kazi ya miaka.

Shida ni kwamba Mulei hakuwa amepiga hata risasi moja. Alipewa risasi kumi, na zote kumi alikuwa nazo. Nilikuwa nimeipima bunduki yenyewe mara mbili ilipoletwa Kitui. Springi haikuwa kali kupita kiasi. Tundu la bolti lilikuwa sawa, halijapanuka wala kupinda. Pini ilichomoza kiasi kinachotakiwa. Chuma chenyewe kilikuwa kizuri, kwani pini za boksi lilelile zilikuwa ndani ya bunduki nyingine na hazijalalamika. Mtutu wa bunduki ile ulikuwa na vumbi na uzi wa buibui, lakini bolti yake iling'aa kama sufuria ya mama mkwe aliyekuja kukagua. Bunduki haikuwa imeonja baruti, lakini kuna mtu au kitu kilichokuwa kikiifyatua tupu, mchana au usiku, mamia ya mara.

Na haikuwa jambo la kuchekesha. Ithumulani kulikuwa na fisi. Si fisi wa kuiba mbuzi na kukimbia. Huyu alimuua mzee mmoja kwenye mto mkavu mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni akamrarua mama aliyekwenda kuchota maji kabla ya jua. Watu wa wanyamapori walikuja wakategesha, wakangoja, wakaitwa kwingine. Kilichobaki kati ya kijiji na yale meno kilikuwa Mulei na bunduki yake. Juma lililopita alikutana na fisi uso kwa uso hatua chache mbele yake, akavuta kifyatulio, na bunduki ikasema tak. Alipona kwa kumtupia tochi usoni.

Bosi wangu alikuwa amechoka. "Mpelekee pini nyingine wewe mwenyewe," aliniambia. "Ujue inavunjwa na nini. Hii ya nne ikivunjika, silaha inarudi Kitui na haitoki tena."

Abdulkadir akanipa ile pini ikiwa imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Ilikuwa ya mwisho stoo. "Nimeisomea kitu kidogo," akasema.

"Ungeipaka na marashi kabisa."

Nilifika Zombe kwa gari la kazi, na kutoka hapo nikapanda bodaboda. Julai huko vilimani si ile Ukambani watu wanayoijua ya jua na vumbi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vichaka, manyunyu yakikaa kwenye nyusi, na mwendesha boda alizidi kunyamaza kadiri tulivyopanda. Aliponishusha hakuzima injini.

"Afande, ukitaka kurudi nipigie kabla ya saa tisa," akasema. "Baada ya hapo simu yangu haina chaji."

"Na sasa ina asilimia ngapi?"

"Themanini."

Akageuza pikipiki akaenda.

Mulei alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye macho mekundu ya kukesha. Usiku kucha alizunguka kijiji, na redio ndogo shingoni ikiimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba. Aliniambia redio ile ilikuwa ya kuwajulisha watu kwamba ni yeye. Mke wake alikuwa kwa kazi Makindu. Nyumbani alibaki na nyanya yake tu, Ndinda, ambaye kijiji kizima kilimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao.

Susu alikuwa kipofu. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa mbele, blanketi mabegani, uso ameuelekeza kilimani.

"Wakya," akanisalimia.

"Aa, Susu."

Akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja. "Hii mikono ni ya mwanamume."

"Ni ya mwanamke, Susu. Mwanamume alikuwepo akaogopa akakimbia."

Akacheka, meno mawili yakatokea. Nikampenda hapohapo.

Tuliketi jikoni na Mulei, nikaifungua bolti juu ya gunia. Nikamwambia ukweli. "Kijana, hii bunduki inafyatuliwa tupu. Usinidanganye, chuma kimeshakusema."

Akainamisha kichwa. "Mara tatu, Fundi. Nikirudi asubuhi. Mlangoni."

"Kwa nini?"

Ndipo akanieleza desturi ya ukoo wao. Walikuwa wawindaji wa upinde tangu zamani. Mtu akirudi kutoka porini kabla ya jua hakubisha mlango wala kuita. Kubisha hata mnyama anaweza kwa kichwa, na sauti ya mtu, walisema, huibwa. Alisimama nje akavuta uzi wa upinde mtupu, polepole, kwa kidole kimoja, mara tatu. Mama wa nyumba akisikia uzi, anajua huyu ni wangu, anafungua. Babu yake Mulei alifanya hivyo. Baba yake, Kitonga, alifanya hivyo, mpaka asubuhi moja fisi walipomla huko mto mkavu, Mulei akiwa darasa la pili.

"Asubuhi hiyo Susu alisikia mtu akimwita na sauti ya baba," Mulei akasema. "Bila uzi. Akafungua. Hakukuwa na mtu. Tangu siku hiyo hafungui bila tatu."

"Na ulipopewa bunduki?"

"Polisi waliniambia niache mambo ya upinde na mishale, nishike silaha ya serikali. Sasa nitavuta nini, Fundi? Nikavuta hii."

Nilimtazama, nikaitazama bunduki, halafu kicheko kikanishinda. "Mulei! Umeifanya mali ya serikali kengele ya mlango!"

Naye akacheka kidogo, kwa aibu. Kisha nikaanza kupiga hesabu. Tatu kwa asubuhi. Hata mwaka mzima wa hivyo haungemaliza pini nzuri, na hizi zilikufa moja baada ya nyingine ndani ya wiki chache.

"Kuna mtu mwingine anayeishika?"

"Nikilala naiweka kando ya kitanda. Risasi nalala nazo mfukoni. Nani ataishika? Tuko mimi na Susu peke yetu."

Sikuifunga pini mpya. Nilimrudishia ndani ile ya tatu iliyokatika, niliyokuja nayo kutoka Kitui, nikamwambia asiende doria bali alale kwa jirani mwenye mbwa, na arudi alfajiri kama kawaida. Nilitaka kuona nyumba inavyoishi.

Alfajiri nilikuwa macho, nimejikunja kwenye kiti cha mbao, baridi ikinitafuna magoti. Susu alikuwa tayari ameketi kando ya mlango. Nikasikia redio ikija kwa mbali na wimbo wake wa kanisa, ikazimwa. Hatua. Halafu: tak. Kimya kidogo cha kuvuta bolti. Tak. Kimya. Tak.

"Ingia, mwanangu," Susu akasema, akaondoa komeo. Mulei akaingia na ukungu nyuma yake.

Alikunywa chai, akalala. Alilala kama gunia la mawele, mdomo wazi, redio aliyoiwasha tena ikinong'ona kifuani. Nami nikajifanya nimelala kitini, mdomo wazi pia, maana kazi ya serikali ni ya kujitolea.

Susu alikuja akipapasa ukuta. Alisimama juu yangu akasikiliza pumzi yangu. Kisha akaenda kando ya kitanda, akaichukua ile bunduki kwa mikono miwili kama mtu anayemwinua mtoto bila kumwamsha, akatoka nayo mlango wa nyuma.

Nilimfuata bila viatu. Aliketi kwenye jiwe, uso ameuelekeza kilimani, bunduki mapajani. Akavuta bolti, akairudisha, akafyatua. Tak. Tena. Tak. Tena. Tak. Akangoja, kichwa kimeinama upande. Kisha akaanza upya. Mikono yake ilikuwa imeizoea bunduki ile kuliko askari wengi wapya ninaowafundisha. Aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa jikoni, tatu na kungoja, tatu na kungoja.

"Susu," nikasema.

Hakushtuka. "Nilijua hulali. Wanaolala hawamezi mate."

Nikaketi chini kando yake. "Unafanya nini na hii bunduki, Susu?"

"Namwita Kitonga." Alisema kama mtu anayesema anachambua mboga. "Alitoka, na mimi sikusikia uzi wake. Mtu asiposikia uzi wa nyumbani anapotea. Upinde wake ulikuwa juu darini, mikono yangu haifiki. Halafu Mulei akaleta hiki chenye sauti kali. Nikasema, hiki atakisikia hata akiwa mbali."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, kama kawaida yangu. Ukakwama. Mtu aliyezika hajui kuchekesha aliyezika, na mimi nimezika.

"Susu, hii kitu ukiifyatua tupu inavunjika. Ndiyo maana ilimkatalia Mulei mbele ya fisi."

Mikono yake ikasimama. "Mimi ndimi niliyeivunja?"

"Wewe na mapenzi yako."

"Basi sitaishika tena," akasema, akanipa. Kisha akasogea karibu, pumzi yake ina harufu ya ugoro. "Lakini mwiitu, binti yangu, nisikilize. Si bure. Ameanza kujibu."

Manyunyu yalikuwa yakidondoka kutoka paa la mabati. Nikasubiri aseme kwamba anatania.

"Kwanza nilimsikia kule kilimani, ile alfajiri kabla ya Mulei kurudi. Tak, tak, tak. Nikadhani ni mwangwi. Lakini mimi nilikuwa sijafyatua. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye mto. Halafu kwenye boma la mbuzi. Jana alfajiri, kabla ya Mulei, alikuwa pale." Akaelekeza kidole, bila kukosea hata kidogo, kwenye tanki la maji. "Kila mara anasogea. Leo au kesho atafika mlangoni."

"Na akifika?"

"Nitamfungulia. Ni mwanangu."

Kwenye tanki kulikuwa na matope. Nilikwenda kuangalia, nikijiambia naenda kunawa miguu. Alama zilikuwa nyingi, kubwa, za kucha zisizojificha, na zilikuwa zimezunguka tanki mara kadhaa, kama mtu anayengoja zamu yake.

Mchana huo niliifunga ile pini ya nne. Niliisafisha mafuta ya stoo, nikaiingiza, nikapima inavyochomoza, nikairudisha bolti. Sikuijaribu hata mara moja bila risasi. Mulei alinitazama wakati wote bila kupepesa.

"Hii ni ya mwisho," nikamwambia. "Hakuna kufyatua mlangoni. Hata ukiwa umelewa furaha. Ukirudi kesho utaita jina langu kwa sauti, 'Nzisa, fungua,' kama mlevi yeyote."

"Na Susu?"

"Susu tumeelewana."

Nilikuwa nimedanganya nusu. Susu alikuwa amekubali kutoishika bunduki. Habari ya mlango hakukubali. Nikamwambia Mulei yote, ya tanki pia. Alisikiliza, taya yake ikicheza.

"Nibaki ndani basi."

"Na kule kwa akina mama wanaoamka kuchota maji atakuwa nani? Zunguka kama kawaida. Lakini alfajiri urudi mapema, na usiizime redio mpaka nikuone."

Aliondoka. Nikafunga mlango wa nyuma kwa gogo. Ule wa mbele ulikuwa na komeo moja la mti, na kando ya komeo alikuwa Susu kwenye kigoda chake, amejifunika, tayari kumpokea mwanawe.

Nadhani nilisinzia. Kilichoniamsha ni kimya. Jogoo walikuwa wamenyamaza, mbwa wa jirani naye. Kwenye nyufa za mlango kulikuwa na ile nuru ya kijivu inayokuja kabla ya jua.

Tak.

Nje, karibu sana. Kimya kidogo, kama cha kuvuta bolti.

Tak.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira. Nikasema moyoni, Mulei, mjinga wewe, mazoea yamekushinda, umeivunja ya mwisho.

Tak.

"Mulei?" nikaita. "Mulei, ni wewe?"

Hakuna jibu. Chini ya mlango kuna uwazi wa vidole viwili, na kwenye uwazi huo ile nuru ya kijivu ilikatika, ikarudi, ikakatika. Kitu kilikuwa kimesimama hapo. Kisha harufu ikaingia, ya nyama ya siku nyingi na nywele zilizolowa, na chini ya harufu hiyo nikasikia pumzi, ndefu, ya subira.

Na hapo ndipo nikasikia redio. Mbali sana, kule chini ya shamba la mbaazi, kwaya ikiimba. Mulei alikuwa huko. Aliyekuwa mlangoni hakuwa Mulei.

Susu alikuwa amesimama. "Amekuja," akasema, sauti yake ya msichana. "Kitonga. Ngoja, ngoja nakufungulia."

Niliruka nikauegemea mlango kwa bega. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Nilimshika kifundo. Jamani, nimepambana na walevi wa mjini Salama, wanaume wazima, nikiwa askari mpya, lakini yule bibi alikuwa na nguvu kama mpini wa jembe.

"Niache! Amepigwa na baridi!"

"Susu, huyo si Kitonga."

"Amepiga tatu! Umesikia ni tatu!"

Nilikuwa nimesikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwamba hata mimi, ambaye nimesema maisha yangu yote kwamba bunduki haina uchawi, nilikuwa nimehesabu. Kitu kikausukuma mlango, si kwa nguvu, kwa upole, kama mtu anayejua ataingia tu.

"Mulei!" nikapiga kelele mpaka koo likawaka. "Mlangoni! Yuko mlangoni!"

Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Sasa hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Mimi mlangoni, bibi akiupinda mkono wangu na kulia jina la mwanawe, nje ile pumzi. Nikawaza pini. Kipande cha chuma chembamba kuliko kidole changu kidogo, kilichofungwa na mikono yangu, kilichosomewa na Abdulkadir. Kama ufa ulikuwa ndani yake tangu kiwandani, Mulei angesikia tak, na angekuwa nje na huyu bila hata tochi. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu pale. Mengine bado sijayatimiza.

Komeo likatoka. Sijui kama ni yeye au ni mimi niliyeteleza. Mlango ukafunguka upana wa kichwa, na kichwa kikaingia. Kilikuwa kikubwa kuliko inavyopasa, kijivu, na macho hayakunitazama mimi. Yalimtazama Susu. Mdomo wake ukafunguka ukafungwa mbele ya uso wa bibi. Tak.

Susu akanyoosha mkono kumgusa.

Bunduki ikalia.

Mlio ule ndani ya vile vilima ulizunguka na kurudi mara ngapi sijui. Kichwa kilianguka juu ya kizingiti. Nilisikia bolti ikivutwa nje na Mulei akipiga kelele, "Susu! Susu!" na mimi nikaketi sakafuni.

Alikuwa amepiga kutoka upande wa ghala, risasi ikapita mabegani mwa mnyama na kuzama kwenye mwimo wa mlango, mbali nasi. Jua lilipotoka tukamtazama vizuri. Alikuwa fisi jike mzee, mbavu nje. Kwenye taya la chini kulikuwa na waya wa mtego wa zamani, umezama hadi mfupani, na taya lilikuwa limevunjika likaunga vibaya. Mulei akaufungua mdomo kwa kijiti, akauachia. Meno ya pembeni yakagongana. Tak.

"Ndiyo hiyo," akasema, akifuta jasho. "Ni taya tu, Fundi. Ni taya."

"Ni taya," nikakubali haraka. Hakuna aliyesema neno kuhusu tatu, wala kuhusu kile kimya cha katikati.

Majirani walikuwa wameanza kuja, akina mama mbele wakipiga vigelegele, wanaume nyuma wakishauriana. Susu alipiga magoti. Akampapasa yule mnyama masikio, uso, waya, mpaka kwenye miguu, kama alivyonipapasa mimi.

"Huyu si wangu," akasema mwishowe. Akajifuta mikono kwenye blanketi. "Maskini. Alisikia nikiita, akadhani anaitwa yeye."

Niliifungua bolti jikoni kabla ya chai. Pini ilikuwa nzima, ncha yake ya mviringo, safi. Niliigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kisha nikampandisha Mulei darini. Alishuka na upinde wa baba yake, umejaa masizi, uzi wake umeoza. Akapata uzi mzuri wa ngozi kwa mzee mmoja hapo jirani, akaufunga upya. Nikamwambia hii ndiyo dawa ninayoandika kama fundi wa serikali: upinde ukae nje, umetundikwa kando ya mlango. Akirudi, avute uzi kwa kidole kimoja, polepole, kama babu yake. Bunduki aifyatue ikiwa na risasi tu, na ikiwa mbele yake kuna kitu kinachostahili.

Bodaboda alikuja saa nane, mapema kabisa. "Nimesikia mmeua," akasema. Safari hii alizima injini.

Kitui nilimwambia Abdulkadir kwamba jini lake lilikuwa bibi wa miaka tisini mwenye meno mawili. Alicheka mpaka akalia. Sikumwambia mengine.

Hiyo ilikuwa Julai iliyopita. Pini ya nne iko ndani ya bunduki ile hadi leo. Niliikagua Novemba, haina hata mkwaruzo. Mulei hunipigia simu mara mojamoja, kunisalimia na kuniuliza kama nimepata mume wa tatu. Mwezi uliopita alipiga akawa anazungukazunguka maneno, mpaka nikamwambia salio lake linalia.

"Fundi, bunduki iko sawa," akasema. "Nataka kuuliza kitu kingine. Uzi wa upinde unaweza kujipiga?"

"Upepo."

"Hakuna upepo. Nikifika alfajiri naukuta unatetemeka. Naushika kwa mkono, unatulia. Na Susu ndani anasema, 'Karibu, Mulei,' kabla sijauvuta."

Nilitafuta utani. Huwa ninao.

"Na ukimuuliza yeye, anasemaje?"

"Anasema sasa hana shida. Anasema fisi alikuwa anataka mlango. Huyu wa sasa anapiga tatu zake kwenye uzi, anaenda, haombi kufunguliwa. Anasema ndiyo alivyomjua ni wake."